Alexander Fleming: Aliyevumbua Dawa Akahofia Mikono Yetu

Msafiri atokaye Mombasa akaishika barabara kuu ya kwenda Uganda, akisha kuipita Nakuru na kuukaribia mji wa Eldoret, hukuta kituo cha biashara kiitwacho Cheptiret. Ni nchi ya baridi, ya mahindi na ng'ombe wa maziwa. Miongoni mwa ng'ombe wafugwao katika nyanda hizo za Uasin Gishu wamo waitwao Ayrshire. Jina hilo ni la jimbo la Scotland walikotoka ng'ombe hao, na huko ndiko alikozaliwa mtu ambaye dawa yake yajulikana leo toka Cheptiret hata Lamu. Naye ni Alexander Fleming, mvumbuzi wa penisilini.

Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel. Baba yake, aliyekuwa mkulima, alifariki mtoto akiwa na miaka 7. Alipotimiza miaka 13 alikwenda London kukaa na kaka yake aliyekuwa daktari wa macho, na baada ya masomo akawa karani katika ofisi ya meli. Labda angalibaki karani umri wake wote, lakini mwaka 1901 alipata urithi mdogo kutoka kwa jamaa yake, akaingia chuo cha udaktari cha hospitali ya St Mary's. Alihitimu 1906, akabaki papo hapo kufanya utafiti. Alikuwa mtu wa maneno machache, tena mhadhiri asiyevutia, lakini jicho lake halikupitwa na jambo.

Vita vya 1914 vilipozuka alipelekwa Boulogne, Ufaransa. Huko aliona askari walionusurika na risasi wakifa kwa vidonda vilivyooza. Madaktari walizoea kuvimiminia vidonda hivyo dawa kali. Fleming alithibitisha kwamba katika kidonda kirefu dawa hizo ziliua zaidi askari wa mwili, yaani zile chembe za damu zipiganazo na maradhi, na vijidudu vikasalimika mafichoni. Tangu hapo alitafuta kitu kimoja: dawa imuuayo adui bila ya kumdhuru mwenyeji.

Siku ya kuipata haikuwa na shangwe. Mwanzoni mwa Septemba 1928 alirudi kutoka likizoni akaanza kukagua visahani vya kioo alimokuwa amepanda vijidudu viletavyo majipu. Kisahani kimoja kilikuwa kimeota ukungu, kama ule uotao juu ya mkate uliolala. Mwingine angalikitupa, lakini yeye alitazama akaona kwamba kandokando ya ukungu ule vijidudu vimeyeyuka. Maji ya ukungu huo ndiyo aliyoyaita penisilini, akaandika habari zake mwaka 1929.

Hata hivyo hakuweza kuisafisha dawa yenyewe, na kwa miaka kama kumi watu wachache tu waliijali. Kazi hiyo ilikamilishwa Oxford na Howard Florey, Ernst Chain na wenzao. Mwezi Mei 1940 waliwatia maradhi panya wanane, wakawatibu wanne. Wale wanne wakaishi, na waliobaki wakafa wote.

Mwezi Februari 1941 wakamjaribu binadamu, askari polisi aliyeoza uso kwa maradhi. Siku chache tu homa ikashuka, akaanza kula. Lakini penisilini iliyokuwapo ilikuwa kidogo mno, hata wakawa wakiitoa katika mkojo wake mwenyewe na kumrudishia mwilini. Ikaisha kabla maradhi hayajaisha. Vijidudu vilivyobaki vikarudi, na mwezi wa Machi yule askari akafa.

Kisa hicho tukiweke moyoni, msomaji. Mtu yule alikufa kwa kukosa dozi ya kumtosha. Sisi tunayo, nasi huikatiza kwa hiari yetu.

Mwaka 1945 Fleming, Florey na Chain walitunukiwa pamoja Tuzo ya Nobel. Ilikuwa saa ya kujisifu, lakini Fleming aliitumia kuonya. Alieleza kwamba kijidudu kikipewa penisilini kidogo isiyokiua, hujifunza kuistahimili. Akatoa mfano wa mume mwenye maumivu ya koo anayejinunulia dawa pungufu, akakuza vijidudu sugu, kisha akamwambukiza mkewe. Mke anashikwa na kichomi, penisilini haimfai, naye anakufa. Mwenye kosa, kwa Fleming, ni yule mume.

Onyo hilo halikukawia kutimia. Kufikia 1948, katika hospitali moja ya London, zaidi ya nusu ya vijidudu vya majipu vilivyopimwa vilikuwa havisikii tena penisilini. Fleming aliyaona hayo kabla ya kufariki tarehe 11 Machi 1955. Mabaki yake yamezikwa katika kanisa kuu la St Paul's, London.

Tangu hapo zimevumbuliwa antibiotiki nyingine nyingi, na karibu kila moja vijidudu vimeipatia njia. Siri yake si kubwa: dawa huua vilivyo dhaifu kwanza, na vile vigumu vikiachwa huzaana na hata kupeana silaha. Wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya usugu huo. Wala si habari ya ng'ambo tu. Papa hapa Kilifi, ambako watafiti wa KEMRI na wenzao wamefanya kazi tangu 1989, wameona katika damu ya watoto wagonjwa vijidudu vya salmonela visivyojali ampisilini wala kloramfenikoli.

Twajua jinsi tunavyofanya. Mtu ana mafua, ambayo antibiotiki haiyatibu kabisa, naye huenda dukani akanunua vidonge vinne vya rangi mbili kwa kuwa pesa ndizo hizo. Mwingine hupata nafuu siku ya pili, akamwekea jirani vilivyobaki. Huko nyanda za juu nako, ng'ombe akiugua kiwele hudungwa dawa hizi hizi, na maziwa yake hayafai kuuzwa mpaka zitimie siku alizosema mganga wa mifugo. Mfugaji wa Cheptiret anayeyamwaga maziwa hayo apata hasara mfukoni, lakini awalinda watoto asiowajua.

Sisi Waislamu twaamini kwamba Mola hakuleta maradhi ila ameyawekea dawa. Basi dawa ni amana, na amana haichezewi. Tuinunue kwa amri ya daktari, tuimeze kwa kadiri aliyoiagiza, na tusiigawe kama peremende. Mtoto wa mkulima wa Ayrshire aliitambua katika ukungu ambao mwingine angaliutupa; itakuwa aibu sisi kuipoteza tukiwa nayo mkononi.