Lafcadio Hearn: Mwalimu wa Kiingereza aliyeenda Japani asirudi

Kama umewahi kukesha kwenye simu ukisaka kazi ya kufunza Kiingereza majuu, iwe ni Uchina, Thailand au Japani, hebu kaa hapa kidogo. Kuna jamaa alikutangulia kwa zaidi ya miaka 130. Alienda bila cheti cha ualimu, hakuwa amemaliza shule, na alikuwa na jicho moja tu linaloona. Leo Wajapani wengi wanamjua tangu utotoni, tena kwa jina la Kijapani.

Jina alilotoka nalo kwao ni Lafcadio Hearn. Alizaliwa Juni 27, 1850 katika kisiwa cha Lefkada, Ugiriki. Mamake, Rosa, alikuwa Mgiriki. Babake, Charles, alikuwa daktari wa jeshi la Uingereza kutoka Ireland. Mtoto akiwa na miaka miwili alipelekwa Dublin na mamake. Rosa hakuelewa lugha, baridi ilimkausha, na wakwe hawakumpokea vizuri. Mwaka 1854 alirudi Ugiriki na mwanawe hakumwona tena. Babake naye alioa mke mwingine akaenda India. Kijana akabaki mikononi mwa mjane mmoja tajiri wa ukoo wa babake.

Akiwa na miaka 16, katika shule ya bweni Uingereza, aliumia jicho la kushoto akicheza na wenzake. Likapofuka. Jicho la kulia nalo halikuwa na nguvu. Muda si muda yule mjane akafilisika, karo ikaisha, na masomo yakaishia hapo. Sisi tulioacha chuo katikati tunaijua hiyo siku. Unarudi nyumbani na begi, na hakuna anayejua akuulize nini.

Alipofika miaka 19 alipewa tiketi ya kwenda Marekani, ya kwenda tu, bila ya kurudi. Huko Cincinnati alilala njaa, akalala kwenye mabanda ya farasi, mpaka mzee mmoja mchapishaji, Henry Watkin, akampa kazi na mahali pa kujilaza dukani mwake. Kufikia 1872 alikuwa mwandishi wa gazeti, tena mkali wa habari za uhalifu. Lakini mwaka 1874 alimuoa Alethea Foley, mwanamke mweusi aliyezaliwa utumwani, na sheria ya jimbo la Ohio ilikataza ndoa kama hiyo. Mwaka uliofuata gazeti likampiga kalamu. Ndoa yenyewe haikudumu. Akahamia New Orleans akakaa karibu miaka 10, kisha kisiwa cha Martinique miaka miwili.

Alitua bandari ya Yokohama Aprili 4, 1890, akikaribia miaka 40. Wakati huo hakuwa mwalimu. Alikuwa ametumwa na kampuni moja ya Marekani kuandika makala kuhusu Japani. Baadaye akagundua kwamba mchoraji aliyesafiri naye analipwa zaidi yake. Akapandwa na hasira, akavunja mkataba. Sasa piga picha: uko mwisho wa dunia, huna kazi, hujui lugha, na mfuko umetoboka.

Kilichomwokoa ni kwamba Japani ya miaka hiyo ilikuwa na kiu ya Kiingereza. Nchi ilikuwa imefungua milango baada ya kujifungia zaidi ya miaka 200, na shule za serikali zilitafuta walimu wa kigeni. Basil Hall Chamberlain, profesa Mwingereza jijini Tokyo, alimsaidia kupata nafasi ya kufunza Matsue, mji mdogo wa magharibi ulio kando ya ziwa. Mshahara ulikuwa yen 100 kwa mwezi, hela ndefu kwa mji ule.

Alifika Matsue mwishoni mwa Agosti, na hapa ndipo ningependa ufungue macho. Wageni wengi wa wakati huo walijifungia mitaa yao, wakala chakula cha kwao na kulalamika kuhusu wenyeji. Hearn alivua viatu mlangoni, akavaa kimono nyumbani, akaketi sakafuni. Shuleni alikuwa na rafiki, mwalimu Nishida Sentaro, aliyemfasiria maneno na mila. Darasani aliwapa wanafunzi insha za kuandika kwa Kiingereza kuhusu mambo ya kwao, yale wanayoyaamini na kuyaogopa. Wao walijifunza lugha, yeye akajifunza Japani. Wengine walimtembelea nyumbani wakapiga stori hadi jioni.

Kisha baridi ikaja, theluji juu ya theluji, naye akaugua. Mapema 1891 aliletewa msaidizi wa nyumba: Koizumi Setsu, binti wa miaka 20 na kidogo kutoka ukoo wa samurai uliokuwa umefukarika baada ya serikali mpya kufuta vyeo vyao. Wakaanza kuishi kama mume na mke. Setsu hakujua Kiingereza. Hearn alikuwa na Kijapani cha kuombea maji. Basi wakatengeneza lugha yao wenyewe, Kijapani kilichovunjwavunjwa bila kujali sarufi, kama vile sisi tulivyoitengeneza Sheng mtaani. Waliitumia hadi kifo kikawatenganisha.

Usidhani ilikuwa asali tu. Novemba 1891 alihamia Kumamoto kusini kwa sababu mshahara ulikuwa maradufu, na alihitaji chapaa. Si mke tu aliyemtegemea, kulikuwa na wazazi na jamaa wa mke pia. Naam, ile kodi ya ukoo unayoijua wewe. Mkuu wa shule hiyo mpya alikuwa Kano Jigoro, yuleyule mwanzilishi wa judo. Lakini Hearn hakuupenda mji. Ulikuwa mji wa kambi za jeshi, na walimu wenzake hawakumzoea. Wakati wa mapumziko alipanda kilima nyuma ya shule, akakaa peke yake kwenye makaburi ya zamani karibu na sanamu ya Buddha ya mawe. Ile hamu ya siku za kwanza ilikuwa imeisha. Hata hivyo hakufunga virago.

Novemba 1893 akazaliwa mtoto wao wa kwanza, Kazuo, na hapo likaja swali zito. Hearn alikuwa raia wa Uingereza. Akimsajili Setsu kama mke wa Mwingereza, mama na mtoto wanakuwa wageni katika nchi yao, na wageni hawakuruhusiwa kumiliki ardhi. Akiwa Mjapani yeye mwenyewe, familia itakuwa salama, lakini huenda siku moja akalipwa kama mwenyeji na kupoteza mshahara mnono wa mgeni. Alikumbuka vizuri babake alivyomwacha mamake. Mwaka 1896 akachukua uraia na kuingia ukoo wa mkewe kwa jina Koizumi Yakumo.

Mwaka huohuo aliitwa kufunza fasihi ya Kiingereza Chuo Kikuu cha Tokyo. Mtu aliyekosa karo sasa anafunza chuo kikubwa kuliko vyote nchini! Alisema taratibu, kwa maneno mepesi, na wanafunzi waliandika karibu kila neno. Baada ya kufa kwake, madaftari hayo yaligeuzwa kuwa vitabu.

Lakini ile bili ikafika. Mwaka 1903 chuo kiliamua kutomrudisha kwa masharti ya awali. Wanafunzi walilalamika, chuo kikajaribu kumpa saa chache, akakataa. Nafasi yake ilichukuliwa na Natsume Soseki, Mjapani aliyekuwa ametoka kuishi London miaka miwili ya upweke mkubwa. Mambo hayo yote yalimuuma Hearn.

Usiku, nyumbani, kazi nyingine iliendelea. Setsu alisaka vitabu vya zamani vya majini na mizuka, kisha wakapunguza mwanga wa taa. Hearn alikataa asomewe kitabuni, alitaka Setsu asimulie kwa maneno yake mwenyewe. Kutoka hapo kikazaliwa kitabu Kwaidan, kilichotoka 1904. Septemba 26 mwaka huohuo moyo wake ulisimama. Alikuwa na miaka 54, na watoto wanne. Kaburi lake liko Zoshigaya, Tokyo.

Kwa hivyo ukipata hiyo kazi ya majuu, nenda. Fika na Kiingereza chako, maana ndicho kitakachokulisha mwezi wa kwanza. Ila Hearn hakuwa mtu wa Japani kwa sababu ya Kiingereza. Alikuwa wa huko kwa sababu kila jioni mwalimu aligeuka mwanafunzi, na siku gharama ilipokuja, aliilipa kwa ajili ya watu waliokuwa wakimngoja nyumbani.