Bayume Mohamed Husen

Bayume Mohamed Husen (jina la kuzaliwa Mahjub bin Adam Mohamed; 22 Februari 1904 – 24 Novemba 1944) alikuwa askari, mhudumu, mwalimu wa Kiswahili na mwigizaji wa filamu kutoka Dar es Salaam, aliyeishi Berlin, Ujerumani, tangu mwaka 1929. Alionekana katika filamu za Kijerumani zisizopungua 20, karibu zote akiwa mtumishi, mpagazi au askari. Alikamatwa na polisi wa siri wa Kinazi mwaka 1941 na kufia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen.

Utoto na vita

Husen alizaliwa Dar es Salaam, wakati huo makao makuu ya koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Baba yake, Adam Mohamed, alikuwa Msudani aliyetumikia jeshi la kikoloni la Wajerumani (Schutztruppe) na kufikia cheo cha efendi, ambacho kilikuwa cha juu kabisa kwa Mwafrika katika jeshi hilo. Wajerumani walikuwa wameanza kuajiri Wasudani huko Misri mwaka 1889 kwa ajili ya vita dhidi ya Abushiri, na familia nyingi za askari hao zilibaki pwani.

Mtoto alijifunza Kijerumani mapema, na akafanya kazi ya ukarani Lindi. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914 aliingia jeshini pamoja na baba yake akiwa na umri wa miaka 10, akafundishwa kazi ya kupeleka ishara. Alikuwa mmoja wa watoto waliofuata jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck kusini mwa koloni. Mnamo Oktoba 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, karibu na Lindi, akawa mfungwa wa Waingereza mpaka vita ilipokwisha.

Baada ya vita Tanganyika ikawa chini ya Uingereza. Husen alipata kazi melini, na kuanzia mwaka 1925 alikuwa mhudumu katika meli za kampuni ya Kijerumani zilizosafiri kati ya Ulaya na Afrika ya Mashariki.

Berlin

Mwaka 1929 alishuka Ujerumani akiwa na jambo moja la kudai: mshahara wa vita ambao yeye na baba yake hawakuwahi kulipwa. Wizara ya Mambo ya Nje ilimjibu kwamba amechelewa. Hakurudi nyumbani. Alibaki Berlin, akawa mhudumu katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe kwenye uwanja wa Potsdamer Platz ambalo kila ukumbi wake ulipambwa kama nchi fulani.

Tarehe 27 Januari 1933 alimwoa Maria Schwandner, Mjerumani kutoka Bohemia. Siku tatu baadaye Adolf Hitler akawa chansela. Kama wangengoja hadi mwishoni mwa mwaka 1935, baada ya sheria za Nürnberg, ndoa hiyo isingewezekana.

Husen alifundisha pia Kiswahili chuoni Berlin, akiwa msaidizi wa mtaalamu wa lugha za Kiafrika Diedrich Westermann. Malipo yalikuwa madogo. Kati ya wanafunzi walikuwemo maofisa waliotarajia kutumwa Afrika siku ambayo Ujerumani ingerudishiwa makoloni yake, tumaini ambalo wakati huo lilikuwa na wafuasi wengi. Husen naye alihudhuria mikutano ya watu hao, akivaa sare ya askari.

Mwaka 1934 aliomba nishani ya heshima iliyotolewa kwa waliopigana mstari wa mbele. Alikataliwa, akaomba tena, akakataliwa tena. Hatimaye alijipatia nishani kwa kuinunua dukani na kuivaa kifuani. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939 alijitolea kuingia jeshini, na hapo pia hakukubaliwa.

Inaonekana aliamini kwamba dola ile ilikuwa na deni kwake, nayo haikukubali hata mara moja.

Filamu

Kabla ya Husen walikuwepo Waafrika wengine katika filamu za Ujerumani. Aliyejulikana zaidi ni Louis Brody kutoka Douala, Kamerun, ambaye alicheza katika filamu bubu za miaka ya 1920, zikiwemo filamu ya kutisha Genuine ya Robert Wiene (1920) na Der müde Tod ya Fritz Lang (1921). Mtu mweusi katika picha hizo alikuwa wa kuogofya au wa ajabu. Katika miaka ya 1930 hitaji lilibadilika: filamu za kikoloni zilimtaka Mwafrika mwaminifu kwa bwana wake.

Nafasi hiyo Husen aliijua kuliko mtu yeyote studioni. Katika Die Reiter von Deutsch-Ostafrika (1934) ya Herbert Selpin, inayohusu mlowezi wa Kijerumani katika vita ya 1914, alicheza kijana wa kupeleka ishara, yaani kazi ileile aliyoifanya kweli alipokuwa mtoto. Sare ambayo serikali haikutaka kuiheshimu mitaani ilikubalika mbele ya kamera.

Katika nyingi ya filamu nyingine alikuwa mtu wa kujaza picha tu. Katika Zu neuen Ufern (1937), filamu ya nyota Zarah Leander, anaonekana kwa muda mfupi. Hata hivyo kazi ya filamu ililipa vizuri kuliko kufundisha, na kwa Waafrika wa Berlin waliofukuzwa kazi nyingine ilikuwa mojawapo ya njia chache za kupata riziki. Njia nyingine ilikuwa Deutsche Afrika-Schau, maonyesho ya kuzunguka ambamo Waafrika waliwekwa watazamwe na umma. Husen alishiriki pia humo. Maonyesho hayo yalifungwa mwaka 1940.

Nafasi yake kubwa ya mwisho ilikuwa katika Carl Peters (1941), pia ya Selpin, ambamo nyota Hans Albers alicheza mwanzilishi wa koloni. Husen alikuwa Ramasan, kiongozi wa njia wa Peters. Peters wa kweli aliondolewa katika utumishi mwaka 1897 kwa ajili ya ukatili wake Kilimanjaro, ambako aliwanyonga watumishi wake. Watu wa Afrika ya Mashariki walimwita Mkono wa Damu. Filamu inamwonyesha kama shujaa aliyeonewa na wanasiasa, na mtoto wa Dar es Salaam anatembea kando yake akimwongoza.

Kukamatwa na kifo

Wakati wa kutengeneza filamu hiyo Husen alikuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani. Alishtakiwa kwa polisi kwa kosa ambalo Wanazi waliliita kuchafua damu, na mwaka 1941 Gestapo wakamkamata. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin, na kukaa huko miaka mitatu. Alifariki tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na umri wa miaka 40.

Kumbukumbu

Kwa miongo mingi jina lake halikutajwa, ingawa sura yake ilibaki katika filamu. Mwaka 2007 mtaalamu wa mambo ya Afrika Marianne Bechhaus-Gerst alichapisha kitabu juu ya maisha yake, na mwaka huohuo jiwe dogo la kumbukumbu lenye bamba la shaba liliwekwa mbele ya nyumba alimoishi, Brunnenstraße 193, Berlin. Mwaka 2013 mtengenezaji filamu Eva Knopf alitoa Majubs Reise, filamu ya kumbukumbu ambayo kwa sehemu kubwa imeundwa kwa vipande vya filamu za zamani, Husen akiwa nyuma ya nyota, ameshika trei au mwavuli.