Jimi Hendrix, mashoto aliyeupenda mkwaruzo

Aliyewahi kukaa karibu na spika kwenye harusi ya mtaani anaijua sauti ile. Fundi amepandisha amplifaya kupita uwezo wake, mwimbaji anavuta pumzi, na ghafla sauti inachanika kama kitambaa kikuukuu. Wazee wanaziba masikio, fundi anapigiwa kelele, sauti inashushwa. Leo namwandika mtu aliyeisikia sauti hiyohiyo akataka izidi.

Jimi Hendrix alizaliwa tarehe 27 Novemba 1942 mjini Seattle, Marekani. Babake, Al, alikuwa jeshini wakati huo. Mtoto aliitwa Johnny Allen, na Al aliporudi akambadilisha jina, akawa James Marshall. Nyumba haikuwa na utulivu. Wazazi waliachana mwaka 1951, na mamake, Lucille, akafariki 1958 kijana akiwa na miaka 15. Ufukara nao haukuwa wa kusimuliwa. Ala yake ya kwanza ilikuwa ukulele wenye uzi mmoja tu, uliookotwa kwenye takataka alipokuwa akimsaidia babake kazi. Gita lake la kwanza lilipatikana kwa dola 5.

Tena alikuwa mashoto. Huku kwetu mtoto akipeleka mkono wa kushoto kwenye sinia hupigwa kofi, kwa hivyo tusimshangae Al, ambaye kwa masimulizi ya Leon, nduguye Jimi, hakupenda kumwona mwanawe akipiga gita kwa kushoto. Magita ya mashoto yalikuwa adimu. Kijana alichukua gita la kawaida, akaligeuza juu chini na kulifunga nyuzi upya, uzi mnene ukabaki juu. Ndivyo alivyopiga hadi mwisho wa maisha yake.

Mwaka 1961, baada ya kukamatwa mara mbili ndani ya magari ya wizi, aliingia jeshini badala ya kwenda jela. Alipelekwa Kentucky katika kikosi cha waruka kwa miavuli, akamwandikia babake amtumie gita lake, na kuanzia hapo wakubwa wake hawakupata askari tena. Mwaka 1962 waliona hafai, wakamwachia aende zake. Miaka iliyofuata alipiga gita nyuma ya wengine, wakiwemo Isley Brothers na Little Richard, kwa suti za sare na ujira mdogo.

Katika dhiki hiyo ndipo alipotia saini karatasi iliyomwandama. Oktoba 1965 produsa mmoja wa New York, Ed Chalpin, alimpa mkataba wa miaka 3. Alipokea dola 1, na ahadi ya asilimia 1 ya mauzo. Wanamuziki wetu wa pwani wanaosaini kwanza na kusoma baadaye wataielewa hadithi hii bila kuelezwa zaidi.

Septemba 1966, Chas Chandler, mpiga besi wa kundi la Animals, alimchukua akampeleka London. Huko alikitumia sana kile kidude cha kukanyaga kwa mguu kiitwacho fazi.

Fazi yenyewe ilizaliwa kwa bahati mbaya. Mjini Nashville, walipokuwa wakirekodi wimbo wa Marty Robbins uliotoka mwaka 1961, gita la besi la Grady Martin lilipita kwenye sehemu mbovu ya mitambo ya studio, likatoka linanguruma kama nyuki kwenye mzinga. Badala ya kufuta, waliuacha mlio huo ndani ya santuri. Fundi wa studio, Glenn Snoddy, akatengeneza chombo cha kuutoa makusudi, na 1962 kampuni ya Gibson ikakiingiza sokoni kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Wanunuzi hawakukitaka sana mpaka 1965, Rolling Stones walipokitumia kwenye Satisfaction, na hapo vikaisha madukani.

Umeme unaotoka kwenye gita ni mawimbi ya kupanda na kushuka taratibu, mfano wa bahari iliyotulia. Ndani ya fazi mna transista zinazoyakuza mawimbi hayo hadi yagonge dari, vilele vyake vikatwe viwe bapa. Katika kukatwa huko ndimo zinamozaliwa sauti nyingine za juu ambazo gita halikuwa nazo, na noti ambayo ingefifia mara moja huendelea kulia. Anayependa nzumari ya Lamu, yenye mkwaruzo ndani ya utamu wake, ameshafika nusu ya njia ya kumwelewa Hendrix.

Pedali aliyoipenda zaidi ni Fuzz Face ya Arbiter wa London, duara la chuma lenye swichi moja na vifundo viwili, mfano wa uso unaocheka. Za mwanzo zilikuwa na transista mbili za jemaniamu, madini yasiyovumilia joto. Chumba kikipata moto, mlio hubadilika. Sijui ingetufaa nini Mombasa mwezi wa Februari. Tena hazikufanana: mbili za duka moja zaweza kutofautiana kabisa. Roger Mayer, mtaalamu wa sauti aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya jeshi la majini la Uingereza, alikutana na Hendrix mapema 1967, akawa anamchagulia na kumrekebishia vyombo. Ni yeye aliyemtengenezea Octavia, chombo kinachoongeza juu ya kila noti nyingine ya oktavu moja zaidi. Inasikika kwenye Purple Haze, iliyorekodiwa mapema mwaka huo.

Lakini wenye pedali kama hizo walikuwa wengi. Yeye alizidi kwa kidole. Aliiacha fazi ikiwaka, kisha akapunguza sauti kwenye kifundo cha gita lenyewe, na mkwaruzo ukaondoka ukabaki mlio safi. Akiongeza, moto unarudi. Watu wanakumbuka gita aliloliteketeza Monterey Juni 1967. Mimi nakumbuka kifundo hicho.

Asubuhi ya tarehe 18 Agosti 1969 huko Woodstock, wengi wakiwa wameshaondoka, aliupiga wimbo wa taifa la Marekani peke yake. Vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto, na katikati ya wimbo gita liligeuka likawa roketi, mabomu na kilio. Bila mkwaruzo ule asingeweza.

Mwaka huohuo alitembelea Essaouira, mji wa pwani ya Moroko. Wenyeji huwaambia watalii kwamba Castles Made of Sand aliutunga kwa kuyaona magofu yao. Hadithi tamu, ila santuri ilitoka 1967, miaka miwili kabla hajafika.

Karatasi ya dola 1 ilimfikia wakati huo. Chalpin alidai haki zake, na ili kumaliza kesi Hendrix ilimbidi atoe albamu nzima, Band of Gypsys ya 1970, iliyorekodiwa mbele ya watu New York usiku wa mwaka mpya. Agosti 1970 alifungua studio yake mwenyewe, Electric Lady. Tarehe 18 Septemba alifariki London, na umri wake ulikuwa miaka 27. Akazikwa Renton, karibu na Seattle.

Hakuacha wasia. Mali ikawa ya Al, lakini haki za nyimbo zilikuwa mikononi mwa wengine, na mzee yule alizipata 1995 baada ya kwenda mahakamani. Al alipofariki 2002, Leon, aliyelala chumba kimoja na Jimi utotoni, alikuta ameandikiwa santuri moja ya dhahabu. Alishtaki, na 2004 akashindwa.