Habari za Maisha ya Mchungaji Bodelschwingh, Mlezi wa Wenye Kifafa

Katika sharika zetu za Songea wako wazazi wenye watoto waangukao kifafa, nasi tumezoea kuwaona wazazi hao kanisani peke yao. Mtoto ameachwa nyumbani, mlango umefungwa, kwa kuwa watu huliogopa povu la kinywa chake, wakidhani huambukiza. Wako walioungua motoni kwa sababu hiyo, hapana aliyethubutu kuwashika. Huko Mahenge, kaskazini kwetu, wataalamu wameona kwamba kifafa huzidi penye inzi wa usubi. Basi si laana, wala si kosa la mama. Lakini sisi wachungaji tumepita penye milango hiyo, tukauliza habari za shamba, tukaenda zetu. Kwa hiyo twapenda kuwasimulia habari za mtu ambaye hakupita.

Friedrich von Bodelschwingh alizaliwa tarehe 6 Machi 1831 huko Tecklenburg, Ujerumani. Baba yake alikuwa waziri wa mfalme wa Prussia. Kijana alijifunza ukulima, kisha akauacha akasome uchungaji, akitaka kwenda kuhubiri nchi za mbali. Hakufika. Mwaka 1858 alikwenda Paris kuwatumikia Wajerumani maskini waliofagia njia za mji ule. Mwaka 1861 akamwoa Ida, binti wa ukoo wake. Na mwaka 1864 wakahamia usharika wa Dellwig.

Hapo Dellwig, mwezi wa Januari 1869, watoto wao wanne, ndio wote waliokuwa nao, walikufa kwa maradhi katika muda wa majuma mawili. Aliyezika mmoja ajua uchungu wake. Wa wanne hatuwezi kuupima. Baadaye walijaliwa wengine wanne. Mwenyewe alikiri kwamba msiba ule ndio uliomfundisha kuwahurumia watu.

Mwaka 1872 alikabidhiwa nyumba ya wenye kifafa karibu na mji wa Bielefeld, iliyofunguliwa mwaka 1867. Ndiyo iliyoitwa Bethel. Hakutaka jumba moja la kufungia watu. Zilijengwa nyumba nyingi, na kila nyumba ikawa na baba yake na mama yake, wagonjwa wakaishi humo kama jamaa moja.

Tena kila mtu alipewa kazi kwa kadiri ya nguvu zake: huyu shamba, huyu useremala, huyu kufyatua matofali. Tangu mwaka 1888 zilikusanywa stempu kuukuu za barua, ili hata mwenye mikono dhaifu apate za kukata na kupanga. Waweza kucheka, msomaji, kwamba stempu ni kitu gani. Lakini mtoto aliyeambiwa kwao kwamba hafai neno, jioni alirudi amechoka kwa kazi kama watu wengine. Hapa kwetu tumemwona mama ampaye binti yake ungo apepete mpunga, mbali na jiko. Binti akianguka, mama humlaza ubavu, hamtii kitu kinywani, hungoja. Kisha humrudishia ungo wake. Wakiimba pamoja, hujui yupi afurahiye zaidi. Mama huyo hajapata kulisikia jina la Bethel.

Kazi ile ilifika hata nchi yetu. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, ilifunguliwa mwaka 1896 nyumba ya watoto waliookolewa utumwani. Na miaka michache baadaye wakapokewa humo wagonjwa wa akili, wakiuguzwa na mashemasi waliofunzwa Bethel.

Bodelschwingh alifariki tarehe 2 Aprili 1910, na Bethel ilikuwa imekwisha kuwa kama mji. Mwanawe, naye Friedrich, alishika kazi yake. Mwaka 1940 watawala walipotaka orodha za wagonjwa ili wauawe, alikataa kuzijaza fomu zao, ingawa hakuweza kuwaokoa wote. Wagonjwa Wayahudi walichukuliwa mwaka uo huo wakauawa.

Dawa iitwayo fenobabito ilianza kutumiwa kwa kifafa mwaka 1912, miaka miwili baada ya yule mzee kuzikwa. Watoto aliowalea hawakuipata katika siku zake. Siku hizi hutolewa hospitalini. Ila mtoto aliyefungiwa ndani hapewi, kwa kuwa daktari hajui kwamba yuko.