George Washington Carver: Mtoto wa mtumwa aliyeipa njugu heshima jikoni

NJUGU ni zao lisilo na makuu. Hukua chini ya mchanga, huvunwa kwa mikono na kuuzwa kwa kikombe kando ya barabara. Katika Pwani ya Kenya, kutoka Mtwapa hadi Mambrui, hukaangwa, hutwangwa kwenye kinu, huchanganywa na sukari iliyoyeyushwa na kukatwa vipande vya kashata. Vipande hivyo ndivyo wazee huvitafuna wakinywa kahawa chungu jioni, na ndivyo watoto wengi wa Malindi na Kilifi hukumbuka wanapokuwa watu wazima mbali na kwao.

Siku hizi kashata ina mwenzake. Ni mkate mtamu wa siagi ya njugu, unaotandazwa kwenye sinia, kuokwa na kukatwa miraba ukiwa bado vuguvugu. Wamarekani huuhesabu miongoni mwa vitamutamu vya utotoni mwao. Anayetafuta asili ya heshima ambayo njugu imepata katika jikoni za dunia hawezi kulikwepa jina la George Washington Carver, mwalimu wa kilimo aliyefariki mwaka wa 1943.

Carver alizaliwa utumwani karibu mwaka wa 1864, katika kijiji cha Diamond Grove, jimbo la Missouri, Marekani. Siku yake ya kuzaliwa haijulikani, kwani watumwa hawakuandikiwa kumbukumbu za namna hiyo. Mama yake, Mary, alikuwa mali ya mkulima mzungu aliyeitwa Moses Carver.

Msomaji wa Malindi hana haja ya kueleza maana ya maisha hayo. Katika miaka hiyo hiyo ya 1860, mashamba ya mtama na simsim yaliyoizunguka Malindi yalikuwa yakijazwa watumwa, na mavuno yake kupakiwa majahazini kwenda Uarabuni. Missouri ilifuta utumwa mnamo Januari 1865. Katika Pwani ya Kenya, hadhi ya utumwa haikufutwa kisheria hadi mwaka wa 1907, wakati Carver alikuwa tayari amefundisha chuoni kwa zaidi ya miaka kumi.

George alipokuwa angali mchanga, wanyang'anyi walivamia shamba usiku na kumteka yeye na mama yake. Moses Carver alimtuma mtu kuwafuata. Mtu huyo alirudi na mtoto peke yake, akiwa mahututi, na inasimuliwa kwamba alilipwa farasi kwa kazi hiyo. Mary hakuonekana tena. Mtoto huyo na kaka yake James walilelewa na Moses na mkewe, Susan, hata baada ya utumwa kukomeshwa.

Udhaifu wa mwili ndio uliompa George elimu yake ya kwanza. Kwa kuwa hakuweza kazi nzito za shambani, aliachwa nyumbani na Susan, akajifunza kupika, kufua, kushona na kutunza bustani. Kazi ambazo wengi huziona za kike, na ambazo mvulana wa Kigiriama au wa Kiswahili angechekwa akizifanya, zilikuwa baadaye ngao ya maisha yake. Susan pia ndiye aliyemfundisha kusoma.

Shule ya karibu haikuwapokea watoto weusi. Akiwa na umri wa miaka kumi na kitu, alikwenda kwa miguu hadi mji wa Neosho, ambako kulikuwa na shule ya watu wake. Huko alipewa makao na Mariah Watkins, mkunga na dobi Mwafrika-Mmarekani aliyekuwa na ujuzi wa mitishamba. Mama huyo alimpa malezi, imani ya dini na wazo kwamba elimu atakayoipata ni amana ya kuwarudishia watu wake.

Kutoka hapo kijana huyo alihamahama katika jimbo la Kansas, akipika na kufua nguo za watu ili apate karo. Mjini Fort Scott, mnamo 1879, alishuhudia umati wa wazungu ukimuua mtu mweusi bila kesi wala hukumu. Aliuhama mji huo.

Baadaye chuo kimoja cha Kansas kilimpokea kwa barua, kisha kikamfukuza mlangoni kilipoiona rangi ya ngozi yake. Alijaribu ukulima katika ardhi kame ya magharibi mwa Kansas kabla ya kujiunga na Chuo cha Simpson, jimbo la Iowa, mwaka wa 1890. Alikwenda kusomea uchoraji. Mwalimu wake wa sanaa, Etta Budd, aliona jinsi alivyoipenda mimea na kumshauri ahamie chuo cha kilimo kilichokuwa mjini Ames. Alikuwa mwanafunzi wa kwanza mweusi katika chuo hicho, akapata shahada ya kwanza mnamo 1894 na ya uzamili mnamo 1896. Hakuacha kuchora, na picha yake moja ya ua ilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya dunia mjini Chicago mwaka wa 1893.

Angeweza kubaki Ames, ambako tayari alikuwa amepewa kazi ya kufundisha. Lakini mwaka huo wa 1896 alipata mwaliko wa Booker T. Washington, mwanzilishi wa chuo cha Tuskegee, jimbo la Alabama, kilichoanzishwa mwaka wa 1881 kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani. Carver aliukubali. Aliishi Tuskegee hadi kifo chake, zaidi ya miaka 46.

Alichokikuta huko kilimsikitisha. Maabara haikuwa na vyombo, na ilibidi yeye na wanafunzi wake waokote chupa, makopo na mabaki ya sufuria jalalani. Hali ya wakulima ilikuwa mbaya zaidi. Wengi walilima mashamba ya wenyewe kwa kugawana mavuno, na mwenye shamba alitaka pamba tu. Pamba ilipandwa mwaka baada ya mwaka hadi kizingitini mwa nyumba. Ardhi ilichoka, madeni yakaongezeka, na watoto wakaishi kwa unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe na asali ya miwa.

Dawa aliyoipendekeza ilikuwa rahisi na isiyohitaji mtaji. Mkulima apumzishe ardhi kwa kupanda kunde na njugu, kisha arudie pamba. Mimea ya jamii ya kunde huhifadhi katika mizizi yake vijidudu vinavyovuta naitrojeni kutoka hewani na kuirudisha udongoni. Kwa wasio na fedha za kununua mbolea, hiyo ilikuwa mbolea ya bure. Aliwahimiza pia kupanda viazi vitamu na kutumia majani yaliyooza na tope la vinamasi kurutubisha mashamba.

Mwaka wa 1906 alibuni gari la kukokotwa na wanyama, lililobeba zana, mbegu na vyombo, ili shule iwafuate wakulima vijijini. Gari hilo lilipewa jina la Morris Jesup, tajiri aliyelifadhili.

Lakini ushauri wa kupanda njugu ulizua swali. Zikivunwa, zifanyiwe nini? Soko lilikuwa dogo, na wengi walizihesabu kuwa chakula cha nguruwe. Ndipo ujuzi wa jikoni, ule aliojifunza kwa Susan Carver, ulipokutana na elimu ya chuo. Mnamo 1916 alitoa kijitabu chenye njia 105 za kuandaa njugu kwa chakula cha binadamu. Humo mlikuwa na supu, mikate, keki, biskuti, peremende, aisikrimu na hata kitoweo cha kuiga nyama ya kuku. Mapishi mengi hakuyabuni yeye. Aliyakusanya kutoka vitabu na majarida ya wakati huo, na alikiri hivyo waziwazi. Kazi yake ilikuwa kuyaweka katika lugha nyepesi na kuyafikisha kwa mama asiye na fedha.

Hapa inafaa kusahihisha jambo linalorudiwa mara kwa mara, hata katika vitabu vya shule. Carver hakuvumbua siagi ya njugu. Wenyeji wa Amerika Kusini, ambako njugu zina asili, walizisaga karne nyingi kabla yake. Hataza ya kutengeneza uji mzito wa njugu ilitolewa nchini Marekani kwa Marcellus Gilmore Edson wa Kanada mnamo 1884, na daktari John Harvey Kellogg akapata zake katika miaka ya 1890. Kuhusu bidhaa 300 zinazosemwa alizitoa katika njugu, nyingi zilikuwa mapishi, rangi na vipodozi ambavyo havikufika sokoni. Yeye mwenyewe alisajili hataza tatu tu, kati ya 1925 na 1927.

Safari ya njugu yenyewe inastahili kutajwa. Wareno, ambao mnara wao wa Vasco da Gama ungali umesimama Malindi, walikuwa miongoni mwa walioitoa njugu Brazili na kuieneza Afrika katika karne ya 16. Kisha ikavuka tena bahari pamoja na merikebu za watumwa hadi Amerika Kaskazini. Huko kusini mwa Marekani bado huitwa goober, neno lililotokana na nguba ya Kikongo, lugha ya Kibantu kama ilivyo Kiswahili. Mtoto wa mtumwa alikuwa akilitetea zao lililofika naye katika jahazi moja la mateso.

Umaarufu ulimjia mwezi wa Januari 1921, alipoitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikijadili ushuru wa njugu kutoka nje. Alipewa dakika kumi. Baadhi ya wabunge walianza kwa dhihaka. Aliendelea kutoa chupa moja baada ya nyingine kutoka sanduku lake, na muda wake ukaongezwa mara kadhaa. Mwaka uliofuata ushuru ulipitishwa.

Pamoja na sifa hizo, hakukosa lawama. Kuna Waafrika-Wamarekani waliomlaumu kwa kukaa kimya kuhusu ubaguzi, huku wazungu wakimtukuza kwa sababu hakuwasumbua. Wanasayansi walimlaumu kwa kutoandika matokeo ya majaribio yake. Madai ya miaka ya 1930 kwamba mafuta yake ya njugu yaliponya waliopooza kwa polio hayakuthibitishwa. Mizani ya haki haina budi kuyabeba yote hayo.

Hakuoa wala hakujenga nyumba. Alivaa koti kuukuu lenye ua kifuani, na mwaka wa 1940 akatoa akiba yake kuanzisha wakfu wa utafiti Tuskegee. Alianguka kwenye ngazi na kufariki Januari 5, 1943. Alizikwa kando ya Booker T. Washington, na mwaka huo huo mahali alipozaliwa pakafanywa ukumbusho wa taifa, wa kwanza nchini humo kwa heshima ya mtu mweusi.

Miaka minne baada ya kifo chake, Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, Kongwa ukiwa kitovu chake. Matrekta yaliletwa kwa wingi, lakini udongo ulikuwa mgumu, mvua haba na wenyeji hawakuulizwa. Mradi ulivunjwa mnamo 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Zao lile lile lililomlisha mkulima mdogo wa Alabama liliwashinda wenye mashine, kwa kuwa hawakuanzia pale Carver alipoanzia, yaani katika udongo na mkulima mwenyewe.

Kaunti ya Kilifi ina sababu ya kulisikiliza funzo hilo. Kiwanda cha korosho cha Kilifi, kilichoanza katika miaka ya 1970, kilisambaratika mwishoni mwa miaka ya 1990, na waliokuwa wamelitegemea zao moja wakabaki na miti isiyo na soko. Huko Ganze, Bamba na Magarini, mahindi hupandwa juu ya mahindi, na mvua ikikosekana msaada wa chakula husubiriwa. Njugu na kunde hustahimili ukame kuliko mahindi, hulisha ardhi na humlisha mtoto. Karibu robo ya uzito wa njugu ni protini, na karibu nusu ni mafuta.

Wala mama wa Malindi hahitaji jiko la umeme ili kuzioka. Njugu zilizokaangwa na kupepetwa husagwa hadi zitoe mafuta, zikachanganywa na sukari, yai, unga kidogo wa ngano na iliki. Mchanganyiko hutandazwa katika sufuria iliyopakwa mafuta na kupaliwa makaa, machache chini na mengi juu ya kifuniko, kama upikavyo mkate wa mayai. Harufu ikitanda na pembe zikiwa rangi ya dhahabu, huepuliwa na kukatwa kabla haujapoa, la sivyo utavunjikavunjika.

Tahadhari moja ni ya lazima. Njugu zilizovunda au zilizohifadhiwa na unyevu huota ukungu wenye sumu ya aflatoksini, ambayo moto wa jikoni hauiondoi yote. Sumu hiyo katika mahindi iliua watu 125 nchini Kenya mwaka wa 2004, na mnamo Januari 2020 shirika la kukagua ubora wa bidhaa lilisimamisha uuzaji wa chapa kadhaa za siagi ya njugu. Anayevuna na azianike vyema, aondoe zilizosinyaa na kubadilika rangi, na azihifadhi pakavu.

Hilo nalo lingempendeza mzee wa Tuskegee, aliyeamini kwamba mpishi anapaswa kukijua chakula chake tangu mbegu hadi sahani. Haba na haba hujaza kibaba. Kibaba cha njugu kilitosha kumwinua mtoto asiyejua siku yake ya kuzaliwa, na bado kinaweza kuiinua nyumba ya mkulima wa Pwani.