Maisha ya Bibi Harriet Beecher Stowe

Bibi Harriet alizaliwa mwaka 1811 katika mji wa Litchfield, Marekani. Baba yake alikuwa mchungaji. Mwaka 1832 jamaa yao walihamia Cincinnati, kando ya mto Ohio. Ng'ambo ya mto ilikuwa Kentucky, ambako watu weusi waliuzwa mnadani kama ng'ombe, mama akitengwa na mwanawe.

Mwaka 1836 aliolewa na mwalimu Calvin Stowe, wakajaliwa watoto saba. Mwaka 1849 kipindupindu kilimwua mtoto wao mchanga, Samuel. Penye kaburi lile, kama alivyosimulia baadaye, ndipo alipoujua uchungu wa mama mtumwa anyang'anywaye mtoto.

Mwaka 1850 ikatoka sheria kali: mtu awaye yote ampaye mtumwa mtoro chakula au malazi atatozwa faini na kufungwa. Wakristo wengi wakataabika, wakiwa kati ya amri ya serikali na amri ya Mungu. Basi Bibi Stowe akashika kalamu. Habari za Mjomba Tom, mtumwa mcha Mungu, zilitokea gazetini juma kwa juma tangu 1851, zikawa kitabu mwaka 1852. Katika mwaka mmoja nakala 300,000 zilinunuliwa Marekani. Watu wa kusini walimwita mwongo. Naye mwaka 1853 akatoa kitabu cha pili, chenye ushuhuda. Kaskazini wengi waliokuwa wamenyamaza wakauchukia utumwa.

Vita vilianza mwaka 1861, na mwaka 1865 utumwa ukakomeshwa. Bibi Stowe alifariki mwaka 1896. Msiba ambao ungalimfunga mtu kinywa, yeye ulimfumbua, akawasemea waliao.