Max Born, Mtaalamu wa Uwezekano

Mwaka 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipoingia Usumbura na kuwaondoa Wajerumani, huko Berlin mwanajeshi mmoja wa Kijerumani alikuwa akishughulika na kutafuta mizinga ya adui kwa njia ya sauti. Mlio wa mzinga hufika katika vituo mbalimbali kwa nyakati zinazopishana. Kwa kuhesabu tofauti hizo, maficho ya mzinga hujulikana.

Mwanajeshi huyo ni Max Born, aliyezaliwa Breslau tarehe 11 Desemba 1882. Tangu 1921 alikuwa profesa mjini Göttingen. Mwaka 1926 Schrödinger alipotoa hesabu ya wimbi la elektroni, wataalamu walibishana juu ya maana ya wimbi hilo. Born alijibu mwaka ule ule kwamba ni kipimo cha uwezekano: ukubwa wa wimbi ukizidishwa kwa wenyewe, hupatikana uwezekano wa kuikuta elektroni mahali hapo.

Na momenta, yaani tungamo mara kasi pamoja na mwelekeo? Hapa hutazamwa jinsi wimbi linavyobadilika hatua kwa hatua. Mabadiliko hayo huzidishwa kwa wimbi lenyewe, kwa utaratibu maalumu, na kujumlishwa kote. Jawabu ni wastani wa vipimo vingi, wala si hali ya elektroni moja. Askari ishirini wa doria wakitoka Kinama kwa kasi moja, kumi wakielekea kaskazini na kumi kusini, wastani wa mwendo wao ni sifuri, ilhali hakuna hata mmoja aliyesimama. Ndivyo ilivyo kwa elektroni ambayo wimbi lake ni mawimbi mawili sawa yaendayo kinyume.

Einstein, rafiki yake mkubwa, hakuridhika kamwe na fizikia ya bahati namna hiyo. Pigo kubwa zaidi lilikuja 1933: serikali ya Hitler ilimwondoa kazini kwa asili yake ya Kiyahudi. Akahamia Uingereza, na kuanzia 1936 hadi 1953 akafundisha Edinburgh. Oppenheimer, aliyekuwa mwanafunzi wake, aliongoza utengenezaji wa bomu la atomu. Born alikataa kushiriki.

Heisenberg, aliyekuwa msaidizi wake, alipewa Tuzo ya Nobel ya 1932. Mwalimu alingojea hadi 1954, kuchelewa ambako ni vigumu kukutetea. Alifariki Göttingen tarehe 5 Januari 1970. Juu ya kaburi lake imechongwa hesabu ionyeshayo kuwa momenta mara mahali si sawa na mahali mara momenta.